Vipimo vya Uongo Havishoni Koti

Machimboni, 9 Februari

Kwa mdogo wangu Sindano,

Salamu nimezipakia kwenye lori la Breki pamoja na madumu matupu. Zikikufikia zimepondeka usinilaumu mimi, laumu barabara. Mimi ni mzima, tena mzima wa kuudhi watu. Mama hajambo? Bado ana kesi na jogoo wa jirani? Shemeji kinyozi mwambie namkumbuka kila nikijitazama kwenye kioo, maana huku ananinyoa mpishi wa kambi, na kichwa changu sasa kinafanana na shamba lililotembelewa na mbuzi.

Simu huku haishiki hata ukipanda juu ya kifusi na kuomba. Kwa hiyo tumerudi zama za barua, na Breki ndiye posta yetu. Akija na lori la chakula analeta, akiondoka anachukua. Akilewa njiani, Mungu ndiye posta.

Sasa sikiliza habari kubwa. Kaka yako amepandishwa cheo. Mimi ndiye Mkuu wa Maji Yote. Hili shimo la mawe linatoa maji chini usiku na mchana, na bila mimi wangekuwa wanachimba kokoto kwa kupiga mbizi. Nina pampu tatu. Kuna moja nimeiita Bibi Harusi, haitoki mpaka ibembelezwe. Vali yake inajaa uchafu, kifuniko kinashindwa kufunga, maji yanarudi shimoni. Wenzangu walikuwa wanaipiga nyundo. Mimi nikaifungua, nikaisugua ikang'aa kama jino la dhahabu. Wiki ya pili ikaziba, nikaisugua. Ya tatu, nikaisugua. Bosi akasema hajawahi kuona fundi mwenye bidii kama mimi. Unajua mimi nimeshafanya kazi melini, kiwanda cha sabuni, hoteli ya ghorofa nyingi. Vali zote za dunia hii zinanijua kwa sura.

Ndiyo maana nakuandikia. Mwezi wa kumi kampuni ina sherehe, nami nitaitwa mbele nipewe cheti. Siwezi kwenda mbele na ovaroli. Nishonee koti. Koti la mtu mzito, rangi ya bluu iliyoiva, mifuko ya kukatia, si ya kubandika juu. Vipimo nimejipima mwenyewe: kifua inchi arobaini na sita, mabega ishirini na moja. Tumbo usiandike, halipo.

Ni mimi kaka yako, fahari ya ukoo,
Bwana Pampu


Nyumbani, lakini si nyumbani hasa, 3 Machi

Kwa kaka yangu Bwana Pampu,

Barua imefika na alama ya kidole cha grisi juu ya neno "fahari". Nimeielewa. Mama hajambo. Kesi na jogoo imekwisha, jogoo ameliwa na wenyewe, na sasa Mama analalamika kwamba kumekuwa kimya mno hapati usingizi wa alfajiri. Shemeji yako amenunua kioo kipya cha kinyozini, kikubwa kuliko mlango, ikabidi wakipitishe dirishani. Wateja sasa wanajitazama hata baada ya kulipa, foleni haisogei.

Kitambaa cha koti nimekinunua. Bluu iliyoiva, kama ulivyotaka. Ila utasubiri kidogo, maana naandika nikiwa kitandani, na kitanda chenyewe ni cha wodi.

Usishtuke. Ilikuwa hivi. Nilikuwa nakata sare za shule, mkono wa kushoto umeshika kitambaa. Nikaona kitambaa kinateleza. Nakishika, kinateleza. Kumbe si kitambaa, ni mkono. Nikataka kumwita shemeji yako, na mdomo nao ukatoka na maneno ya kwake, hata mimi sikuyajua. Shemeji yako akacheka, akadhani namwigiza Mama akiwa hana meno. Alipoona sicheki, akaacha mteja na nusu ya kichwa, akanibeba. Yule mteja alikuja hospitali kesho yake kunijulia hali, upande mmoja una nywele.

Mdomo ulirudi kabla hatujafika getini. Mkono umebaki mzito, vidole viwili kama vimevaa glovu. Wamenipiga picha ya moyo, ile ya mawimbi kama wanayopigwa wajawazito. Wakaona vali moja ya moyo ina vibonge vidogo vya damu iliyoganda, vimekaa ukingoni kama ndege kwenye waya. Kimoja kilichomoka, kikapanda kichwani, ndiko kulikofanya mkono ugome. Walidhani ni vijidudu. Wakachukua damu, wakaiweka kwenye chupa waone kama vitaota. Havikuota. Wakarudia, havikuota. Sasa nachomwa sindano ya tumboni asubuhi na jioni ili damu isiendelee kuganda. Wauguzi wamefurahi sana kusikia jina langu.

Usije. Najua wewe ukiona koti jeupe la daktari unaanguka kabla ya mgonjwa.

Wako mdogo,
Sindano


Machimboni, 21 Machi

Sindano, mdogo wangu, roho yangu, mchokozi wangu,

Salamu leo nafupisha, Mama na shemeji wagawane. Breki alinikabidhi barua yako nikiwa chini shimoni, nikaisomea huko huko, maji yakapanda mpaka magotini sijui. Wenzangu wakapiga kelele: "Mkuu wa Maji, maji!" Nikawaambia ngojeni, dada yangu ana vali mbovu.

Sasa tulia, umemwandikia mtu sahihi. Vali ni vali. Ya chuma, ya nyama, kazi yake ni moja: kuruhusu mbele, kukataza nyuma. Ikishika uchafu inasuguliwa. Kama hawana mtu wa kusugua, waniambie, mimi mkono wangu ni mwepesi. Halafu hayo mambo ya kutafuta vijidudu mara mbili na kuacha, hayo siyaelewi. Vijidudu ni wajanja. Waambie wakupe zile dawa kali za rangi mbili, ziue hata wasioonekana.

Na hiyo sindano ya kulainisha damu inanipa wasiwasi. Oili ikiwa nyepesi mno kwenye mashine inavuja kila mahali. Wewe ni mshonaji, unajichoma vidole kila siku. Utavuja! Vaa kile kikofia cha kidole, na shemeji akija na wembe mwambie akae mbali.

Ili daktari anielewe vizuri, nakuletea kwa mkono wa Breki vali ya zamani ya Bibi Harusi. Sikuisafisha makusudi. Mpelekee, mwambie: "Kaka yangu, bingwa, anasema hali iko hivi." Ni nzito kidogo, mwambie shemeji akubebee.

Kuhusu kuja, bosi kasema ruhusa hakuna mpaka mvua ziishe, pampu haziwezi kuachwa. Si kwamba naogopa hospitali. Nani kakwambia naogopa? Ile siku nilianguka ni njaa.

Kula. Lala. Usikate sare za mtu.
Kaka yako


Nyumbani kweli sasa, 14 Aprili

Kwa bingwa wa vali zote,

Wameniruhusu. Nipo nyumbani, Mama ananilinda kama mayai, nikikohoa anafungua dirisha, nikinyamaza anakuja kunitazama pua. Shemeji yako amejifunza kunichoma zile sindano mwenyewe. Anafanya kwa madaha ya kinyozi, anapangusa, anapuliza, karibu aniulize kama nataka na poda.

Zawadi yako ilifika. Kaka, kile ni kitu cha kumpelekea mgonjwa? Breki alikitua mlangoni, kigae kikapasuka. Siku ya kliniki nikasema haya, nisipokipeleka hatalala. Getini mlinzi akafungua mfuko akaruka nyuma.

"Mama, hiki nini?"

"Moyo wa kaka yangu."

"Mbona una kutu?"

"Hajaoa."

Akatupisha.

Daktari wangu ni mwanamke mrefu asiyecheka, mwenye tabia ya kutafuna kifuniko cha kalamu. Nilipoiweka vali yako mezani meza ikalia. Nikamweleza yote, kusugua, dawa za rangi mbili, oili inayovuja. Kaka, yule mama alicheka mpaka kifuniko kikamtoka mdomoni. Kisha akaivuta vali, akaigeuza, akapitisha kidole ukingoni mwa kile kifuniko chake.

"Umeona? Uchafu umekaa hapa hapa, pale panapokutana pakifunga. Na vibonge vyako vimekaa mahali hapo hapo. Kaka yako anafanyaje ukijaa?"

"Anasugua."

"Halafu?"

"Unajaa tena."

"Halafu?"

"Anasugua tena. Bosi wake anamsifu."

Akatikisa kichwa. "Mwambie huu uchafu haukuzaliwa kwenye vali. Umekuja na maji, hapa ndipo ulipopata pa kukaa. Na wewe vilevile. Hakuna vijidudu, dawa za kuviua hazina cha kuua. Ni damu yako yenyewe, kuna kitu kinaifanya igande ovyo, na vali ndiyo imebeba ushahidi. Sindano zinazuia vibonge visiongezeke na visirushe vipande. Lakini nisipojua kinachotoka huko juu, tutasugua maisha yetu yote."

Kuhusu kuvuja, anasema ni kweli, nikijikata nitatoka damu muda mrefu kuliko zamani, niangalie, nisile dawa nyingine bila kumuuliza. Kwa hilo umepata. Usivimbe kichwa.

Akataja sababu mbili tatu zinazoweza kufanya damu ikawa hivyo. Moja wameshaitafuta kwenye mapafu, tumboni, kila mahali, hawakuiona, kwa hiyo sioni haja ya kuiandika. Kisha akaniuliza maswali. Viungo kuuma asubuhi? Nikasema ndiyo, vidole vinakaza hata mkasi sifungui. Jua likinipiga dirishani uso unawasha? Ndiyo. Mama akadakia kwamba alishaniambia nihamishe cherehani. Kisha akauliza mambo ya kike. Shemeji yako alikuwepo, Mama alikuwepo. Nikajibu nilivyojibu.

Vali yako ameomba akae nayo kidogo awaonyeshe wanafunzi. Koti bado, vidole viwili bado wageni. Nikishika kitambaa sijui kama nimeshika.

Sindano


Machimboni, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Mvua huku zinanyesha kama zimelipwa. Mpishi ameteleza na sufuria, leo tumekula mchuzi wenye kokoto. Bibi Harusi ameziba tena. Mimi mzima. Msalimie Mama, msalimie shemeji, mwambie siku akichoka unyozi namwachia kazi ya uuguzi. Na yule daktari mwambie vali haina haraka, akae nayo, ila aandike jina langu juu yake.

"Hajaoa." Umenichekesha mpaka nikajigonga kwenye bomba. Nitakulipa.

Sasa niache mzaha kidogo, unajua kwangu ni kama kuvua viatu mbele za watu. Pale uliposema "nikajibu nilivyojibu", Sindano, mimi nimekujua tangu hujaota meno. Wewe ukivunja kikombe ulikuwa husemi uongo, ulikuwa unasema "kikombe kilikuwa hapa". Ulimjibu nini?

Sitalitaja. Barua inapita mikononi mwa Breki, na Breki anasoma hata maandishi ya kwenye gunia. Lakini unakumbuka ile wiki ulipokuja kukaa kwangu, nilipokuwa fundi pale hotelini, ukasema umekuja kupumzika. Nikafua yale mashuka nikipiga mluzi, nyimbo zote nilizozijua, zikaniishia, nikaanza upya. Sikukuuliza siku ile na sikuuliza mpaka leo. Nilidhani kutouliza ndiyo heshima.

Sasa nauliza. Mwambie daktari. Mimi sijasoma, shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini mtu anayetafuta kinachotoka juu hawezi kukipata ukimfichia nusu ya bomba.

Usikasirike.
Kaka yako


Machimboni, 26 Mei

Sindano,

Breki amekuja mara mbili bila barua yako. Mara ya kwanza nikasema labda umechelewa kumwona. Mara ya pili nimemshika shati. Ameapa hukumpa kitu, anasema alikuona mlangoni umesimama mwenyewe, unapumua, ukamwambia "sina barua" na kuingia ndani. Nimefurahi kwamba unapumua.

Basi umekasirika. Haya. Mimi nimeshakasirikiwa na nahodha wa meli na mke wa nahodha siku moja, nikatoka salama. Lakini wewe sikuwezi.

Huku hakuna jipya. Nimesugua vali. Wenzangu wananiuliza mbona sipigi domo siku hizi, wanasema kambi imekuwa kama msiba. Niandikie hata tusi.

Kaka


Nyumbani, 17 Juni

Kwa kaka yangu,

Tusi ndilo hili: mshenzi wewe. Pokea, tuendelee.

Mama mzima, amepata kifaranga cha yule jogoo na anamfundisha kuwika mapema. Shemeji yako mzima. Mimi nitakwambia.

Barua yako ya Aprili niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya cherehani, nikaapa sikuandikii mpaka uzeeke. Nikasema ananiingiliaje huyu, mtu asiyejua hata kufunga vifungo vyake. Ili nisikufikirie, nikasema nijaribu kukata koti lako, vidole vimeanza kurudi. Nikatandika kitambaa mezani, nikachukua vipimo ulivyoleta, nikachora kwa chaki. Arobaini na sita. Mabega ishirini na moja. Nikasimama nikatazama ile chaki. Kaka, hiyo ni kabati. Siku hiyo ndiyo alipopita Breki mara ya pili bila kupewa barua. Nikamuuliza mlangoni: "Kaka yangu amenenepa huko?" Akasema: "Yule? Akisimama nyuma ya bomba humwoni." Nikamuuliza na cheo, una watu wangapi chini yako. Akasema chini yako kuna maji tu.

Nikarudi ndani nikicheka peke yangu. Nikasema huyu mjinga anataka koti zuri, halafu anampa fundi vipimo vya uongo. Sasa koti likija kama gunia atamlaumu nani? Nikashika mkasi, nikauacha. Kicheko kikakauka. Kwa sababu nami nilikuwa nimekaa mbele ya fundi wangu, amenyoosha futi yake, akaniuliza: "Umewahi kupoteza mimba?" Nami nikasema, "Hapana."

Shemeji yako alinitazama, kwa sababu ile mimba ya kwanza aliijua. Akanyamaza, akadhani naona aibu mbele ya Mama. Unakumbuka alivyofurahi ile ya kwanza, alichonga kibao cha kuweka juu ya kile kiti cha kinyozi, cha kukalisha watoto, akasema mtu wa kwanza kukikalia atakuwa wa kwake. Ilipotoka, alikiweka kibao nyuma ya mlango na hakukitaja tena. Ndiyo maana ile ya pili ilipoanza kutoka nikaja kwako. Na ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote, ilishaanza kucheza, na nilikuwa peke yangu, yeye alikwenda kumzika shangazi yake. Watu walishaanza kusema tumbo langu halishiki. Nikaona nikihesabu kwa sauti nitakuwa nawapa ushahidi.

Basi nilikwenda kliniki na shemeji yako tu. Mama nikamwachia kifaranga. Nikamwambia daktari: "Siku ile nilikupa vipimo vya uongo. Ni tatu." Nikasema zilivyokuwa, moja moja. Shemeji yako alikuwa ameshika kofia yake, akaishika, akaishika, mpaka ikawa duara kama chapeo ya askari. Daktari akatoa kalamu mdomoni.

"Tatu," akasema. "Na viungo, na jua, na vali. Mama, hiyo ndiyo ncha ya uzi niliyokuwa naitafuta."

Akanieleza hivi, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Mwilini kuna askari wa kulinda. Wangu wamekosa adabu, badala ya kupiga wageni wanapiga wenyeji. Wanachokoza damu mpaka inaganda pasipo jeraha. Ikiganda kwenye vali ndiyo vile vibonge vya ukingoni. Ikiganda kwenye kondo la nyuma, mtoto anakosa hewa na chakula, anaondoka. Ni mkono ule ule mmoja, kaka. Haukuwa uchawi, haukuwa cherehani, wala ile ndoo niliyobeba, wala mdomo wa mtu. Anasema ugonjwa unaitwa lupasi, na huo wa kugandisha damu unatembea nao mara nyingi. Wamechukua vipimo vya damu, na mwezi wa tisa watavirudia kuhakikisha.

Kile nilichokataa kukuandikia Aprili ni saratani. Ndiyo walikuwa wanaitafuta kwanza, kwa sababu nayo inaweza kugandisha damu vivyo hivyo. Nililala na hilo neno wiki nzima nikikuandikia habari za jogoo. Haipo. Sasa umejua.

Tulitoka, tukatembea mpaka kinyozini. Mimi nikasema moyoni imekwisha, ataniuliza kwa nini nilimficha. Alifungua mlango, akapeleka mkono nyuma yake, akatoa kile kibao. Akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akakiweka juu ya kiti, akakitikisa kuona kama bado kiko imara. Akasema, "Ungeniambia, ningebeba na mimi." Kisha akatoka nje akamwita mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na mwanawe: "Mlete huyo, leo namnyoa bure." Mtoto akalia kichwa kizima. Kinyozi naye analia. Mama wa mtoto akadhani tumerukwa na akili.

Niletee vipimo vya kweli.
Mdogo wako


Machimboni, 8 Julai

Sindano wangu,

Nimeisoma juu ya kifusi, peke yangu, upepo mkali, macho yakaingia vumbi. Vumbi jingi. Huku vumbi ni baya sana mwezi huu.

Mwambie shemeji sina neno la kumwambia, na hiyo kwangu ni mara ya kwanza tangu niyajue maneno. Mwambie yeye ndiye mwanaume, sisi wengine ni makelele. Na Mama umwambie, Sindano. Nadhani anajua. Yule anajua jogoo wa jirani anawaza nini, atakosa kujua wewe?

Breki ni mwongo. Chini yangu kuna maji na vyura.

Sasa usicheke. Ile kauli ya daktari wako, kwamba uchafu haukuzaliwa kwenye vali, ilinikwama kichwani kama mfupa. Nilimkasirikia. Nikasema anajua nini yule, ameona vali moja tu ya chuma maishani mwake, tena niliyompa mimi. Lakini Jumatatu Bibi Harusi akaziba. Nikachukua brashi, nikainama kusugua, mkono ukagoma. Badala ya kusugua nikaokota kile kipande kilichoziba, nikakinusa. Mpira! Miezi yote nasugua mpira nikidhani ni tope. Nikafuata bomba la kuvuta maji mpaka chini kabisa, nikalifungua, nikaingiza mkono mpaka begani. Ngozi yake ya ndani, ya mpira, inabanduka yote, kama mti unaomenyeka. Vipande vinapanda vyenyewe, vinakwenda kukaa ukingoni mwa vali, pale pale alipopasema.

Tumebadilisha bomba. Bibi Harusi anakunywa maji sasa bila kukohoa. Bosi akaniuliza nimegunduaje. Nikamwambia nimeota. Ningemwambia nini? Kwamba nimefundishwa kazi na daktari wa moyo, kwa barua?

Vipimo vya kweli siwezi kuviandika, Breki anasoma. Nishonee unavyojua.

Kaka yako


Nyumbani, 22 Septemba

Kwa Bwana Pampu, bingwa wa ndoto,

Mama anakusalimu. Nilimwambia. Akaendelea kuchambua mboga, akasema, "Nilihesabu nne." Nikamwambia ni tatu. Akasema, "Basi moja ilikuwa yangu." Nikashika kiganja chake, kisha tukamaliza mboga.

Vipimo vya damu vimerudiwa, jibu ni lile lile, sasa lina jina na kadi yake. Sindano za tumboni zimekwisha, nameza vidonge, damu wanaipima mara kwa mara isiwe nzito wala isiwe maji. Na kuna kidonge kingine cha kuwatuliza wale askari, zamani watu walikuwa wanakimezea malaria. Jana nimepigwa tena picha ya moyo. Daktari alitazama kioo, akasogea, akatafuna kalamu, nikaona sasa nakufa. Akageuza kioo nione. Waya uko pale, ndege wameruka. Amebaki mmoja, mdogo, umbo la punje ya ufuta. Anasema vidonge si vya mwezi mmoja, huenda ni vya maisha. Sawa. Hata cherehani haiendi bila oili.

Shemeji yako akauliza lile swali akitazama dari. Daktari akasema wapo wanawake kama mimi wanaobeba mpaka mwisho, kwa sindano na kwa kuangaliwa kila hatua, na wapo ambao haiwi. Kwanza moyo utulie mwaka mzima, ndipo turudi tuzungumze. Hakuahidi. Lakini kibao hakijarudi nyuma ya mlango, watoto wa mtaa mzima wanakikalia, na wote wanalia.

Vali yako hairudi. Inashikilia makaratasi mezani kwake, na ameandika jina lako juu yake kama ulivyotaka. Nilisahau kumwambia kwamba lile ni jina la utani, basi wanafunzi wa udaktari wanasema "tuangalie Bwana Pampu".

Koti hilo hapo. Mkono wa kushoto wa koti, mshono wa ndani, utaona umeyumba kidogo. Nimeushona kwa vidole vyangu viwili vilivyorudi. Nilitaka kuufumua, nikauacha. Usimpe mtu aunyooshe.

Sindano


Machimboni, 19 Oktoba

Mdogo wangu,

Sherehe imekwisha jana. Waliniita mbele, wakasoma cheti, wakakosea cheo wakasema "msaidizi wa pampu", na sikuwasahihisha, maana nilikuwa nimevaa koti. Mpishi aliuliza limenunuliwa nje? Bosi aligusa kitambaa.

Limenikaa, Sindano. Mabega yamekaa, kifua kimekaa, na tumbo, ambalo nilikwambia halipo, umeliachia nafasi yake bila kelele. Nilikupa vipimo vya mtu mwingine na ukanishonea mimi.

Ruhusa nimepata. Nakuja na Breki safari ijayo, na siku ya kliniki nitakupeleka mwenyewe mpaka ndani, nikaisalimie vali yangu. Nikianguka ni njaa.

Mama asichinje kifaranga, nataka awike kunitangaza nikifika.

Kaka yako,
ambaye usiku kabla ya sherehe aligeuza koti ndani nje, akautafuta ule mshono ulioyumba kwa kidole, akauona